Rundo la Majani Makavu

Binti wa mdogo wangu alinifuata nyumbani Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, akiwa na karatasi mkononi. Yeye na wanawake wenzake wa kijiji chetu, nje kidogo ya jiji, walikuwa wameacha kuchoma mkaa na kuanza kuwatembeza wageni katika msitu wa hifadhi. Kibali chao kilikuwa cha majaribio. Wageni wasipopatikana, matanuri yangewashwa tena. Alitaka mimi, mwalimu mstaafu, nisahihishe kipeperushi chao kabla hakijachapwa.

Nilifuta sentensi moja: kwamba msituni yupo sange, mnyama mdogo kama sungura, mwenye pua iliyochongoka.

"Nani kamwona?" nilimuuliza.

"Wote tunajua yupo, baba mkubwa."

"Wote ni nani? Nitajie mmoja."

"Haya, mwalimu. Wewe hata simba ungemfuta, mpaka aje kukuamkia."

Kikachapwa bila sange. Lakini sikutulia. Kila asubuhi nilitembea hadi Jangwani na kurudi bila shughuli yoyote, nikijiuliza kama nilikuwa nimeutetea ukweli au nimewaziba watu midomo. Juma la pili nikaenda msituni mwenyewe.

Wanawake walitangulia kwa mstari, na mara kwa mara walipinda bila sababu niliyoiona. Kupinda huko kulinichosha. Nikakata moja kwa moja.

"Baba mkubwa, usikanyage!"

Mguu ulikwisha kuzama katika rundo la majani makavu. Kitu cha rangi ya kahawia kikachomoka, pua mbele, kikatokomea vichakani. Ndipo waliponieleza kwamba tangu utotoni, walipokuwa wakiokota kuni na mama zao, hawakanyagi rundo la namna ile, kwa kuwa ndimo sange anamolala. Hawakuwa wakimtafuta kwa macho. Walimzunguka kila siku.

"Sasa mwalimu kamwona," alisema mmoja wao. "Wageni wa Jumamosi tuwaonyeshe nini? Kiatu cha mwalimu?"

Walicheka, isipokuwa binti wa mdogo wangu.

Nilirudi Kariakoo siku ileile. Vipeperushi vilikuwa bado kwa mchapaji, vimefungwa kwa kamba. Nilimwambia kuna maneno ya kuongeza.

"Mzee, si ungeniambia mapema?" alilalamika.

Nilivuta stuli, nikaanza kuandika kwa kalamu chini ya kila kimoja: Sange yupo. Nimemwona, nami nimembomolea kiota. Wenyeji wakipinda, pindeni.