Siku nilipofungua kardani mbele ya mkwe

Sitaficha, maana watu wa kijiji chetu cha Ntoto wote wanajua na bado wanacheka. Nilikuwa shofere wa jipu, gari la misioni, na siku hiyo nilikuwa nampeleka Papa Musafiri, mwindaji, baba wa msichana niliyetaka kumuoa, hadi kijiji cha Kibabi. Nyuma, juu ya mifuko ya mihogo, alilala mbwa wake wa kuwinda, wa ile aina isiyobweka.

Tulipoanza kupanda mlima nikasikia ko-ko-ko. Kwenye mashimo sauti inazidi. Nikisimama, inanyamaza.

"Papa, hiyo njo kardani," nikasema kama daktari.

"Kardani iko nini?"

Nikamweleza kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Akanyoosha kidole kule nyuma, akafungua mdomo. Nikamkatiza, nikaeleza upya. Kisha nikajilaza matopeni na shati langu jeupe la uchumba, nikafungua chuma chote, nikakiweka kwenye majani.

"Sasa haiwezi kulia tena," nikamwambia.

Mbwa akaamka, akajikuna shingo. Ko-ko-ko.

Ilikuwa kengele ya mti, ile ambayo wawindaji wetu humfunga mbwa shingoni na kuijaza majani ili inyamaze mpaka wafike porini. Mitikiso ya jipu yangu ilikuwa imeyaangusha majani yote.

Papa Musafiri akatazama kile chuma, kisha shati langu.

"Mutoto wangu," akasema polepole, "na mbwa pia iko na kardani?"