Chupa za Shemeji Anselmi

Sikwenda Kanada kutembea. Nilikwenda kwa sababu ya chupa. Rafiki yangu Filomena, Mgoa niliyesoma naye sekondari hapa Moshi, sasa mstaafu huko Toronto, alinipigia simu akilia. Binti yake Lina amegoma kumleta mtoto nyumbani kwao mpaka chupa za baba yake ziondoke. Mtoto ana miezi tisa, anatambaa, na kila anachookota ni mdomoni. Miezi miwili bibi hajamshika. "Wewe umetunza maabara ya shule miaka yote ile," Filomena akasema. "Anselmi atakusikia. Mimi ni mkewe tu." Nikafunga mizigo.

Ndani ya ndege sina la kusimulia ila miguu kuvimba. Uwanjani walinipokea wote wawili, tukaenda moja kwa moja kwao, mtaa wa Agincourt, nikalala kama gogo.

Asubuhi yake nikateremshwa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Mungu wangu. Rafu tatu zimejaa chupa za soda, za jemu, za achari, na hakuna hata moja yenye kile kilichoandikwa juu yake. Shemeji hatupi chupa nzima. Mkebe wa dawa ukipata kutu, yeye humimina kwenye chupa nyingine na maisha yanaendelea. Hata ile chupa ya maji ya baraka yenye sura ya Mama Maria ilikuwa na tina ya kuyeyushia rangi. Filomena alishambariki nayo paka, na paka akahama.

"Sasa unajuaje ipi ni ipi, shemeji?" nikamuuliza.

"Nanusa. Pua yangu haijanidanganya."

"Pua ipi?" Filomena akadakia. "Juzi maharage yameungua na wewe umekaa humo humo jikoni."

Nilikasirika, sitaficha. Mtu mzima na akili zake anaweka sumu ya wadudu kwenye chupa ya soda ya machungwa, halafu anashangaa mjukuu haletwi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanuna mpaka chakula cha jioni, lakini akakubali kwamba Jumamosi tungezipeleka kwenye kituo cha jiji kinachopokea taka za sumu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilimkuta kaweka ndoo katikati ya chumba. Mkono huu ana dawa ya kung'arishia nguo, mkono huu ana dawa ya choo yenye asidi. Anataka kuvimimina vyote pamoja ili buti la gari lisijae. Nikamdaka kiwiko.

"Ukichanganya hivyo viwili, hewa yake itakumaliza kabla hujafika kwenye ngazi."

"Basi tumwage kwenye mfereji hapo nje."

"Mfereji unakwenda ziwani," Filomena akasema, "na maji ya chai yako yanatoka ziwani."

Shemeji akakitazama kikombe chake kwenye rafu, kisha akaweka chupa zote mbili chini. Tulizipanga chupa wima kwenye maboksi, magazeti katikati, kila moja imefungwa vilevile ilivyokuwa. Filomena, aliyekuwa karani maisha yake yote, akaziandika kwa mwandiko mzuri. Nyingi aliziandika "haijulikani".

Kituoni, mfanyakazi mwenye glavu ndefu akauliza kwa Kiingereza kuna nini ndani ya ile ya kwanza. Shemeji, bila aibu, akaanza kuzungusha kifuniko anuse.

"Papa, mi nakuomba, usifungule iyo!" yule bwana akasema huku akirudi nyuma. Kumbe ni Mkongomani, na alikuwa ametusikia tukiongea Kiswahili. Alizipokea zote, zinazojulikana na zisizojulikana, na Mama Maria akambeba kwa mikono miwili.

Jumapili baada ya misa, Lina akaja na mtoto mgongoni. Alishuka chini na tochi, akafungua kila kabati. Shemeji alisimama juu ya ngazi akitokwa jasho, na kifuani amejibandika karatasi: "Babu. Ndani: chai na biskuti." Lina alipanda, akaisoma, akacheka mpaka machozi. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba bidhaa hii anaipokea. Akampa mtoto. Mtoto akaibandua ile karatasi na kuitia mdomoni, na sisi wanne wazima tukamrukia.

Nimerudi Moshi Jumanne. Nilipoinama chini ya sinki kutafuta sabuni, nikaona chupa tatu za maji ya kunywa. Moja ina mafuta ya taa, moja dawa ya mende. Ya tatu sikuikumbuka, nikaisogeza puani, kisha nikajizuia. Mjukuu wangu Neema hulala hapa kila mwisho wa juma, na kabati lile analifungua mwenyewe. Niliketi sakafuni. Mwalimu wa watu mimi.

Nikampigia shemeji nikamweleza yote. Nilitegemea anicheke, na haki yake angekuwa nayo. Hakucheka.

"Kalamu unayo hapo?" akauliza. "Anza na hiyo usiyoijua. Mimi nangoja kwenye simu."