Nyumba ya Tofali Pale Mamba

Nyumba niliyozaliwa, kule Mamba milimani, babu aliijenga kwa miti na udongo, akaiezeka majani. Baba hakuipenda hata kidogo. Alikuwa akichimba madini ya jasi bondeni, Makanya, na kila aliporudi likizo, vumbi jeupe bado liko kwenye nyusi, alitusimulia nyumba za huko: tofali, bati, sakafu ya saruji.

Alipoacha kazi akaanza kujenga. Udongo wa tofali aliuchimba palepale, kwenye mteremko wa nyuma, na miti iliyokuwa imeushika mteremko huo akaikata kuni za kuchomea tanuri. Mama alichota maji mferejini, akakanyaga udongo mpaka miguu ikapasuka.

"Baba watoto," alimwuliza siku moja, "huo mlima utashikwa na nini sasa?"

"Mimi nimechimba maisha yangu yote. Udongo naujua."

Tukahamia nyumba mpya. Ile ya babu, iliyokuwa nyuma yake, karibu kabisa na mteremko uliochimbwa, ikawa jiko.

Masika moja mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi ilipotulia kidogo, mimi na baba tulikwenda kuangalia tangawizi shambani. Mama alibaki anapika uji. Tukasikia mngurumo, tukadhani ni lori linapanda. Kisha jirani akapiga yowe.

Tulipofika, jiko halikuwepo. Tope lilikuwa limefika madirishani mwa nyumba ya tofali, na nyumba yenyewe imesimama, haina hata ufa. Watu walikuja na majembe. Baba aliogopa jembe lisije likamjeruhi mama, akachimba kwa mikono huku anaita, "Mama watoto! Mama watoto!" Tulimpata mchana, amelala kifudifudi kando ya mafiga.

Baada ya mazishi mzee mmoja wa kanisa alitaka kumfariji baba. "Tumshukuru Mungu, nyumba imebaki."

 Kesho yake baba alipanda juu ya paa, akaanza kung'oa bati. Nilimsihi ashuke, akaendelea. Tofali aliwaachia majirani. Wengine walizichukua, wengine waliziogopa.

Siku hizi anaishi nami Same mjini, kwenye chumba cha kupanga, mahali tambarare. Hata hivyo mvua ikianza kugonga bati hutoka nje, akasimama uani mpaka ikatike. Nimeacha kumwambia aingie ndani. Humpelekea koti, nikasimama naye.