Mama Mkwe Alivyowazuia Abiria Wenzangu Kula Chakula Changu Kwenye Treni ya Kigoma

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mwenye ukurasa amekubali jina langu libaki kwake, kwa hiyo nitasema yote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, Mmakonde, mzaliwa wa Chuno hapa Mtwara. Sasa naishi Magomeni, hapa hapa Mtwara, na mume wangu. Yeye kwao ni Kigoma, alikuja huku kufanya kazi bandarini, akanipenda, tukaoana. Harusini kwao hakuja hata mmoja.

Miaka ya tisini, nikiwa na mimba ya kwanza, alipata likizo akasema twende nikatambulishwe kwao. Nilifurahi kama mtoto. Tulifika Dar kwa basi, barabara enzi hizo tope tupu, tukakutana na mama mkwe aliyekuja kutibiwa macho, pamoja na wifi yangu. Safari ya treni ilikuwa yetu sote. Asubuhi ya safari nilipika kwa shangazi yangu Temeke: wali wa nazi, samaki kolekole wa kukaanga, na korosho nilizobangua kwa mikono yangu. Nilitaka mama mkwe ale, ajue mwanawe ameoa mtu.

Daraja la pili wanawake walikuwa na chumba chao na wanaume chao. Sisi tulikuwa sita, sisi watatu na akina mama watatu tusiowajua. Tulipopita Ruvu kila mmoja akaanza kutoa alichobeba, huyu chapati, yule mihogo ya kuchemsha. Ndivyo watu walivyokula kwenye treni, ukijilia peke yako unaonekana mchoyo. Nikafungua hotipoti langu, harufu ya nazi ikajaa chumba kizima.

"Mwanangu, hapa umetuweza!" akasema mama mmoja. Akanawa, akamega tonge.

Mama mkwe akamshika mkono. "Rudisha. Huyu ni Mmakonde. Unajua mafuta hayo alikaangia nini kabla ya samaki? Kwao panya ni kitoweo."

"Mama, nimepika kwa shangazi leo asubuhi," nikasema.

"Nani amekuuliza wewe?"

Yule mama alirudisha tonge, akapangusa vidole kwenye khanga yake. Wifi akainuka, akabeba hotipoti, akamwaga vyote dirishani treni ikiwa inatembea. Wakacheka, wote. Kisha wakasogeleana wakala chapati na mihogo, na hakuna aliyeniambia karibu. Neno karibu tu, jamani! Na tumbo langu lilikuwa linaonekana.

Panya wa porini kwetu wapo wanaomla, sioni aibu kulisema. Lakini mimi nilikuwa nimepika samaki, na hata ningepika mchicha wangeumwaga.

Nikatoka kwenda kwa mume wangu. Nilijua akisikia atawaka. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi kidogo, walikuwa wanakula kuku, na kabla sijagonga nikasikia mwenzake anamuuliza, "Sasa kaka, na wewe unakula mapishi ya Kimakonde?"

Mume wangu akajibu, "Mimi? Nakula kantini ya bandarini, nashiba kabisa. Nikifika nyumbani namega matonge mawili matatu asije akanuna."

Wakaangua kicheko, na yeye alicheka kuliko wote.

Nilishika chuma cha dirisha pale koridoni. Tangu tuoane nilikuwa namwona hali vizuri. Namwambia, "Ongeza kidogo, baba," anasema kazi imemchosha, hamu hana. Mimi nikawa nazidisha nazi, nabadilisha samaki, nawauliza wakubwa dawa ya kumtia mtu hamu ya kula. Kumbe.

Sikuingia. Nilirudi kwenye kiti changu. Stesheni ya Saranda nilinunua yai la kuchemsha nikalila nimegeukia dirisha, wifi amebana pua. Kigoma walinipa bakuli langu la plastiki, wakasema lisichanganywe na vyombo vya watu. Mume wangu aliliona bakuli hilo. Akaendelea kula.

Nilirudi Mtwara nikajifungua, nikazaa tena, nikaendelea kumpikia. Kisa cha hotipoti anakijua, lakini mpaka leo hajui kwamba nilisimama mlangoni.

Sasa amestaafu. Juzi ameniita sebuleni. "Mama hajiwezi tena, na dada amemkimbia. Anakutaka wewe. Anasema wakwe wote wamemshinda, wewe ndiye mvumilivu. Tuhamie Kigoma ukamtunze."

Nikamuuliza, "Anakumbuka alichonifanyia kwenye treni?"

"Bado unashikilia utani wa zamani?" Halafu akasema, sauti ya taratibu kabisa, "Sikulazimishi. Usipokwenda, nitampata wa kwenda naye."

Ndugu zangu, sijalia tangu juzi, na hilo ndilo linalonitisha. Binti yetu anasema nikienda nisimpigie simu kulalamika. Dada yangu anasema mgonjwa hahukumiwi. Mimi mwenyewe sijui kama nimfungukie nilichosikia siku ile kisha niende, au nimfungie mizigo yake aondoke na huyo atakayempata. Anataka jibu kabla ya Jumapili. Nyie mngekuwa mimi, mngemjibuje? Niambieni ukweli, hata kama utaniuma.