Sanduku la Bati la Mchora Sinema wa Mtoni

Amekufa. Yule bwana wa Mtoni aliyekuwa akichora picha zikatembea tumemzika Jumatatu, na tangu siku hiyo mie mlango ukigongwa nanyamaza kwanza.

Alikuwa mfagiaji wa jumba la sinema mjini. Vipande vya filamu vilivyokatika alivikusanya, akavikwangua kwa wembe, akachora juu yake kwa ncha ya sindano, picha moja moja, mwezi mzima, ili mwanamke wa pichani ainue mchi na kuushusha mara chache tu. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemlipa. Na kila Ijumaa baada ya swala alizunguka Temeke na daftari akiuliza watu wazima: picha za kuchora mlizionaga wapi kwanza, nani alizileta, mtu mweusi alichorwaje? Madaftari yakajaa sanduku la bati. Mwaka jana mzungu mmoja wa filamu za mafunzo alimfuata mpaka uani, nami nipo. Alitaka achorewe mjinga anayeugua kwa sababu hanawi mikono. Marehemu akafungua daftari. “Bwana, mjinga huyu mmeshamleta mara kumi na tisa, na mara zote ni sie. Mjinga wa kizungu anakuja lini?” Mzungu akacheka, ila macho hayakutoka kwenye daftari. “Umeandika mengi?” “Yote,” marehemu akajibu. Wiki ile ile akaachishwa kazi. Nikamwambia afiche madaftari, akanigombeza: “Nifiche? Sasa niliandika ya nini?”

Kifua kikamuua. Siku ya pili ya matanga nimekaa barazani na hasira zangu, jamaa mmoja akasema, “Mtu mzima, maisha yote kuchezea vikaratasi vya sinema!” Nikawaka. “Vikaratasi? Mle ndani chini ya kitanda chake kuna sanduku! Kila namna walivyotuchora imo, na nani kachora, na lini! Siku likisomwa wataficha nyuso zao!” Mgeni mmoja wa kanzu safi, nisiyemjua, akanisogezea sinia. “Kula, mdogo wangu. Una uchungu.” Nikala.

Kesho yake sanduku halipo. Nikamuuliza dada yake marehemu. “Shangazi, nani kalichukua?”

“Si yule mwenzenu wa kanzu? Katoa ubani, kanipa pole, kasema nyie ndio mmemtuma akaliweke mahali salama. Mgeni wa msibani nimuulize wewe nani, mwanangu?”

Hana kosa. Aliyelitangaza ni mie, kwa mapenzi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nimeulizia kote, hakuna anayemjua mtu yule, na wawili niliowauliza wameniomba nisiwafuate tena.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kama kwenu yupo anayekumbuka namna tulivyochorwa, kaa naye leo. Andika mara mbili, weka nyumba mbili. Wala usimwambie mtu umeweka wapi. Hata mie usiniambie.