Maji ya Kayabo

Kwa mara ya pili asubuhi ile, Daktari Muharami alikizungusha kitambaa cha kupimia presha kwenye mkono wa Paskazia, akakijaza upepo, kisha akainama kusikiliza. Safari hii alikuwa ameuchagua mkono wa kulia, kana kwamba wa kushoto ulikuwa umemdanganya.

“Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi,” alisema hatimaye. “Mikono yote miwili inasema neno moja, mama. Dawa unameza?”

“Nameza.”

“Zote tatu?”

“Zote tatu, baba. Asubuhi, kabla sijajifunga kanga ya kazini.”

“Na chumvi?”

“Chumvi niliiacha tangu mwaka jana. Nyumbani kwangu hata kopo la chumvi halipo. Muulize huyu.”

Odeta, binti yake wa pekee, alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani akiupakata mkoba wa mama yake. “Ni kweli, daktari. Maharage yetu siku hizi ni kama ya mahabusu.”

Daktari alitabasamu, ila tabasamu halikudumu. Majibu ya damu yalikuwa mbele yake. Mwanzoni mwa mwaka figo za Paskazia zilikuwa zikifanya kazi zaidi ya nusu. Sasa zilikuwa zimeshuka chini ya nusu.

“Nisikilize vizuri, mama. Figo ni chujio, na chujio hilo limesukwa kwa mishipa ya damu midogo mno. Presha ikiipiga mishipa hiyo kila siku, kuta zake zinakuwa nene na ngumu, njia inakuwa finyu, na damu inayofika inapungua. Sasa figo ikikosa damu haijui kwamba ni njia iliyobana. Inadhani mwili mzima umeishiwa damu. Inatoa amri presha ipande, ili nayo ipate riziki yake. Presha ikipanda, mishipa inazidi kuumia. Zinaumizana hivyo hivyo, na wewe husikii maumivu yoyote.”

“Zikifika mwisho?”

“Mashine ya kusafisha damu.”

Paskazia hakuhitaji kuelezwa mashine hiyo. Kaka yake, Alexander wa Buhongwa, alikuwa amelazwa kando ya mashine kama hiyo wiki baada ya wiki, mkono umetuna kwa sindano, ngozi imegeuka rangi ya majivu. Mtu aliyezaliwa na kukulia kando ya ziwa alifikia hatua ya kupimiwa maji ya kunywa kwa kikombe kidogo. Walimzika kabla masika hayajakatika.

“Usinione nakuvunjia heshima,” Daktari Muharami aliendelea, “lakini dawa tatu zikishindwa, ama mgonjwa hazimezi, ama mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye figo umebana, ama kuna kitu kingine nisichokiona. Nakupa wiki mbili. Umeze dawa mbele ya Odeta. Na zile dawa za maumivu ya kiuno usiziguse kabisa, zinaipunguzia figo damu. Hali ikibaki hivi, nitakupeleka hospitali kubwa ukapigwe picha ya mishipa.”

Paskazia aliinuka bila kuaga. Neno moja tu ndilo alilotoka nalo mlangoni: amedhaniwa mwongo, na kijana wa umri wa mwanawe.

Jioni alikuwa ameketi uani kwake Mkuyuni wakati Hadiya alipoingia amemletea fungu lake la samaki. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi katika yadi ya kayabo, wakiwapasua sangara, wakiwalaza kwenye chumvi ya mawe na kuwaanika juani hadi wakauke tayari kwa safari ya Kongo. Ilikuwa desturi ya yadi kwamba vipande vya kingo, visivyofaa kufungwa kwenye mzigo, vigawiwe wanawake wapasuaji. Asiyefika kazini alipelekewa fungu lake nyumbani.

“Mama Odeta! Mbona umevimba mashavu kama sangara wa juzi?”

“Nimeambiwa simezi dawa.”

“Na nani? Yule kijana wa miwani? Mwambie aje yadini tumlaze kwenye chumvi kidogo, apate adabu.”

Paskazia alicheka bila kutaka. Mazungumzo yao yalipokolea, Odeta alikuwa amekwisha kuviloweka vipande mara moja tu, kama ilivyo ada ya nyumba ile, kwa maana kayabo iliyolowekwa mno hupoteza ladha yake. Sasa alilinyanyua beseni na kuelekea nyuma ya jiko, ilipokuwa bustani ndogo.

“Usimwage hapo!” Paskazia alipaza sauti. “Unataka kuniulia mchicha? Mwaga pale pa siku zote.”

Pa siku zote palikuwa chini ya ukuta. Udongo wa pale ulikuwa mtupu, mweupe kwa juu, na hata magugu yasiyopandwa na mtu yalikuwa yamepakimbia. Paskazia alipatazama. Alikuwa amepaona kila jioni, lakini hakuwahi kupatazama hivyo.

“Odeta, rudi. Lete hilo beseni.”

Alichovya kidole, akakionja. Kisha alimega kipande cha samaki, akakionja pia, polepole, kama mtu aonjaye kitu asichokijua.

“Kuna nini?” Hadiya aliuliza. “Hayo maji ndiyo yenye chumvi. Samaki amebaki mtamu.”

“Kama iliyotoka inaua mchicha, Hadiya, iliyobaki humu ndani inanifanya nini mimi?”

“Basi yadi nzima tungekuwa tumekufa!”

“Wewe umewahi kupima?”

Kwa wiki mbili Paskazia alikula ugali kwa mchicha na sato mbichi, aliyechemshwa kwa ndimu na nyanya. Kila tonge lilimwia gumu. Yadini wenzake walimtania kwamba amekuwa mwenye hoteli asiyekula chakula chake. Naye aliendelea kupasua, fungu lake akamwachia mwingine, huku kila alipouona mkono wake mwenyewe akiukumbuka ule wa Alexander.

Siku ya kurudi, Daktari Muharami alikifunga kitambaa, akasikiliza, akarudia tena.

“Mia moja arobaini na sita kwa tisini,” alisema, akamgeukia Odeta. “Umemsimamia vizuri.”

“Dawa alikuwa anameza tangu zamani, daktari. Tulichoondoa ni kayabo.”

Daktari aliweka kalamu chini. “Mama, mimi nilikuuliza chumvi.”

“Nami nikakujibu chumvi. Hukuniuliza mboga.”

“Nisamehe, mama,” daktari alisema, kisha akayafunua majibu ya damu. Paskazia aliushika ukingo wa meza.

“Sehemu ya figo iliyokufa haitarudi. Lakini hazijashuka zaidi. Zimesimama pale pale.”

“Mashine?”

“Si sasa. Ukizilinda hivi, huenda isiwe kwa miaka mingi. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi.”

Mchana huo huo Paskazia alirudi kazini. Hadiya alikuwa amemwinamia sangara mkubwa, chumvi imemfika viwikoni, wala hakuinua uso.

“Kile kipimo,” aliuliza, “kinauma?”

“Kinabana mkono kidogo tu.”

Kisu cha Hadiya kilitembea hadi mkiani mwa samaki kabla hajasema tena.

“Basi kesho nipitie.”