Mwendo Usiovunja Yai

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umelalia magugumaji, na Nereida Montejo anakaza mkanda wa tandiko kwa msaada wa goti. Ubavuni mwa farasi yananing'inia makapu mawili yaliyotandikwa majani ya migomba. Ndani yake mna mayai mia mbili ya kuku na bata.

Farasi mwenyewe anaitwa Mojarra. Ni jike la miaka minne, mwekundu kama udongo uliochomwa, na kimo chake hakipiti kifua cha mtu mzima. Leo anabeba mayai kwa mara ya kwanza.

"Leo kijiji kizima kitakula mayai ya kukaanga njiani," anasema mumewe, Asterio, akiwa juu ya Chabela, mama yake Mojarra.

"Funga mdomo, mzee, nzi wataingia," Nereida anamjibu na kupanda.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mitatu hununua mayai nyumba kwa nyumba katika vinamasi vya Centla, jimboni Tabasco, na kuyapeleka sokoni. Siku nzuri humwachia peso mia tatu. Pikipiki aliijaribu mara moja, akafika na uji wa njano.

Aliyemlisha miaka yote ni Chabela. Huyo ni galiceño, aina ya farasi wadogo ambao wazee husema mababu zao walishushwa kwenye pwani hii kutoka merikebu za Wahispania, karne tano zilizopita. Nyasi ngumu wanakula, matope wanayajua. Na wengi wao huzaliwa na mwendo wao wenyewe: wa haraka, kila ukwato ukigusa ardhi peke yake, mgongo umetulia kama meza.

"Mwendo huo haufundishwi," anasema Nereida. "Umo damuni au haumo."

Chabela alipoanza kuzeeka, mfugaji tajiri wa jirani alijitolea dume lake refu limpande bure. Asterio alitaka, maana mtoto mrefu huuzika. Nereida akamfunga Chabela kamba, akatembea naye hadi ng'ambo ya mto Usumacinta, alikosikia kuna dume dogo la damu ileile.

"Nilinuna mwezi mzima," anasema Asterio. "Nikamwambia, mke wangu, umepewa ng'ombe ukachagua mbuzi!"

Akazaliwa Mojarra. Asipokuwa na mwendo ule, kazi hii itakwisha pamoja na magoti ya Chabela yaliyochoka.

Na anaanza vibaya. Anadundadunda, mayai yanagongana, ute unachuruzika kwenye jani.

"Nilikwambia!" Asterio anapiga kelele. "Anakimbia kama mbuzi aliyeona chui!"

"Ana woga tu. Nawe usimwongezee."

Nereida anamwingiza palipofurika, maji yanamfika magotini. Hamchapi, wala havuti hatamu. Anamwacha ainamishe shingo, anuse, apumue. Wanapotoka upande wa pili, mlio umebadilika: tak-tak, tak-tak, kama vidole vya mtu vikigonga meza. Makapu yametulia.

Asterio anamsogeza Chabela karibu.

"Umemeza ulimi?" mkewe anamwuliza bila kugeuka.

"Nasikiliza."

Sokoni, mnunuzi wao, Bi Cleofas, anatikisa kila yai sikioni. "Manne yamevunjika? Chabela hakuwahi kunifanyia hivi. Unazeeka, shoga!"

"Huyu ni mwanafunzi. Wewe siku yako ya kwanza hapa hukulia?"

"Nililia," Bi Cleofas anacheka. "Na mayai nilivunja kumi."

Chabela sasa atapumzika. Mwakani Nereida anataka Mojarra naye apate mtoto, lakini dume la ng'ambo ya mto ni baba yake. Amesikia lipo jingine, mbali zaidi, katika jimbo la Chiapas.

"Nitakwenda hata kwa miguu," anasema.

"Wewe? Hata njia huijui," Asterio anadakia.

"Wewe unaijua?"

Asterio anajishughulisha na kapu tupu. "Niliiulizia mwezi uliopita."